Mkwe Wangu wa Chini ya Gati

Mkwe wangu Swabir ni mtu wa kuvaa miwani ya jua kivulini. Naanza na hilo kwa sababu mwenye akili timamu akishalisikia hahitaji kuelezwa zaidi. Lakini watu wa Shimoni hawaishi kunihoji, ati Bi Warda, mbona mkweo humtaki, kakukosea nini maskini ya Mungu. Basi leo nitayasema yote, na anayetaka kumpelekea ampelekee, simwogopi mtu.

Alizaliwa Jego, huko chini karibu na Vanga, kwa watu wema wanaolima mpunga na kuvua. Babaye namjua, mtu wa heshima, ukimwamkia anasimama. Sijui huyu walimpata wapi. Alipofika umri wa kushika jembe akasema jua linamuumiza kichwa. Akapelekwa baharini, akasema mashua inamtapisha. Mtoto wa pwani, mashua inamtapisha! Basi akakimbilia Diani, akapata kazi hotelini ya kukunja mataulo kando ya bwawa la kuogelea, na humo bwawani ndimo alimojifunzia kupiga mbizi, kwenye maji yaliyotiwa dawa, maji ambayo hata dagaa hawezi kuishi ndani yake. Mzungu mmoja akamwonea huruma akamfundisha kupumua kwa mtungi wa hewa. Akapewa kadi yenye picha yake, na siku ya harusi yake aliivaa shingoni juu ya kanzu. Mimi nilikuwepo, niliona kwa macho yangu.

Alikuja Shimoni akijiita Kapteni Swabi. Kapteni wa nini, wallahi mpaka leo sijui, maana hana hata mtumbwi. Mimi nina meza yangu mbele ya lango la gati, nauza chai, mahamri na viazi vya karai, na binti yangu Fauzia alikuwa akinisaidia. Huyu bwana akawa haondoki. Chai yake haina sukari. "Mama, mwili wa mzamiaji haupendi sukari," ananiambia huku amevuta tumbo ndani. Kisha anakula mahamri mpaka sahani inabaki kavu. Nilipong'amua kuwa hakufuata mahamri, mambo yalikuwa yamekwisha haribika. Nikamuuliza mwanangu, umeona nini kwa kinyangarika hiki? Akanijibu, "Mama, ananichekesha." Loh! Nilimlea peke yangu, nikamsomesha, nikamlinda na kila upepo, kisha akachukuliwa na kichekesho.

Haya, aliolewa, nikanyamaza. Wakajenga chumba chao nyuma ya nyumba yangu. Ningeendelea kunyamaza hadi kaburini lau Swabir angekomea kwenye kujishaua. Lakini alimtia mwanangu majini, na kwenye maji ndipo tulipokosana.

Fauzia hakuanza kuogelea kwa Swabir. Alikuwa akiruka kutoka ngazi za gati tangu ana meno ya utoto, maji yakijaa tu humkosi. Swabir alimfundisha kupumua kwa mtungi, hilo tu. Siku ya kwanza aliyotoka huko chini alikuja mezani kwangu nywele zinatiririka maji. Nikamwambia kunywa chai. Akasema, "Mama, zile nguzo unazoziona hapa juu zina kutu, kule chini zimevaa. Zimevaa kila rangi. Na kuna chewa mmoja amelala baina yake, ananitazama kama ananijua." Macho yalikuwa yanamng'aa. Sikumwona hivyo hata siku ya harusi yake, na nilimchukia Swabir zaidi kwa jambo hilo.

Asiyelijua gati letu asidhani ni pambo. Ni gati la kazi. Hapa hupakiwa saruji na mabati ya kwenda kisiwani Wasini, kreti za soda, madumu ya maji, mbuzi wanaolia, na hushushwa samaki. Mashua za mizigo hufungwa ndani kabisa, kwenye nguzo, na zikitaka kutoka hurudi kinyumenyume huku injini zimechachamaa. Kwa vile wavuvi hutupa matumbo ya samaki humo kila siku, chini yake kumejaa chewa, mikunga, pweza na vidudu vya kila namna. Tulijua sote, ila hakuna aliyeona sababu ya kwenda kuvitazama. Swabir ndiye aliyeona. Kwenda kwenye matumbawe ya mbali ni safari ya mashua, na mashua, kama nilivyosema, inamtapisha. Gatini mgeni anavaa mtungi, anashuka ngazi, anaona samaki, anapanda ngazi. Uvivu huo akauita ubunifu.

Akawaendea wazee wa gati, akawalainisha kwa maneno matamu, wakamkubalia kwa masharti. Bendera isimame juu, mtu mmoja abaki gatini kutazama mashua, na wazamie wakati injini zimenyamaza. Sasa injini za gati letu hunyamaza Ijumaa adhuhuri, mabaharia wakiwa msikitini. Basi Kapteni wangu akaifanya sala ya Ijumaa kuwa saa yake ya biashara. Waislamu wenzake wanainama, yeye anazama. Nilimuuliza, wewe utaswali lini? Akasema, "Mama, dini iko moyoni." Mtu akishaniambia dini iko moyoni najua hajatia udhu tangu mwaka juzi. Na huku kutoswali kwake ndiko kulikotufikisha tulikofika, mtaona.

Mwaka huu, kabla ya Ramadhani, msaidizi wake Randu alimchoka akaenda zake Diani. Swabir akabaki na wageni na hana wa kushika mkia wa safari kule chini, kuwafuata wageni nyuma. Akamgeukia mkewe. Fauzia akaenda Diani karibu mwezi mzima wa Shaaban kwenye mafunzo, akarudi na kadi yake mwenyewe. Hapo nikaona hili si la kulala nalo. Nimewahi kuuona mguu wa mtu uliopitiwa na panga la injini, na nikaapa sitauona tena, sembuse wa mwanangu.

Nikamwita Swabir, nikamkalisha, nikamwambia vua miwani. Akavua. Nikamlisha yamini kwamba Fauzia hatashuka chini ya gati siku ya kazi. Kwenye matumbawe ya wazi sawa, aelee na mrija wake mdomoni, atazame samaki mpaka achoke. Chini ya gati siku ya kazi, hapana. Akaapa, mkono kifuani, sauti imemshuka. Fauzia alikuwa mlangoni anasikia. Alinuna siku hiyo nzima na uji wangu hakuugusa. Mimi nikaridhika, maana gatini kwetu siku isiyo ya kazi haipo. Hayo ndiyo niliyodhani.

Ramadhani ikaingia, ikaenda, ukafika usiku wa kutazama mwezi. Asiye wa kwetu lazima aelezwe hapa. Tuna misikiti miwili. Watu wa msikiti wa juu mwezi ukitangazwa umeandama popote duniani wanafungua. Watu wa msikiti wa chini, nami nimo, tunangoja uonekane kwetu. Mwaka mwingine miezi inakubaliana na tunakula Idd pamoja. Mwaka mwingine ndugu wa tumbo moja, huyu anapakua pilau na yule bado ana saumu. Tumezoea. Tunatupiana maneno mawili matatu, kisha tunasameheana.

Swabir ni wa msikiti wa juu, ikiwa mtu asiyejua mlango wake anaweza kuitwa wa msikiti. Mwezi wake huandama kwenye simu. Kufunga anafunga kwa kuchechemea, lakini kufungua anafungua wa kwanza. Basi mwaka huu kwetu mwezi haukuonekana. Asubuhi ile nimeamka na saumu yangu, nimekula daku vizuri, mara uani inanijia harufu ya tambi za sukari na iliki, na baadaye bizari ya pilau. Nyumba moja, miezi miwili! Fauzia akaja kunibusu mkono, amevaa buibui jipya na viatu vipya vyenye shanga. "Idd mubarak, Mama." Nikamwambia, "Idd yenu, mwanangu. Yangu kesho." Akacheka. Swabir amesimama nyuma yake na mfuko mkubwa begani, miwani usoni, jua halijatoka sawasawa. Akasema wanakwenda Jego kuwaamkia wazee wake. Nikauliza, na mfuko wote huo? "Zawadi, Mama."

Zawadi! Nami zuzu nikamwambia awasalimie wazee.

Nikakaa pale na harufu ya pilau mpaka nikashindwa. Nilikuwa nimemfungia dada yangu wa Wasini halwa na nazi za wali wa Idd, nikaona afadhali nende gatini nikaupeleke mzigo kuliko kukaa nikimeza mate na kuharibu saumu. Nikachukua kikapu changu nikateremka.

Gatini kimya. Mashua zinazofungwa kwenye nguzo za ndani ni tatu, na siku zote zimekuwa za watu wa msikiti wa juu. Mbili zilikuwa zimelala pale hazina mtu, wenyewe wako kwenye Idd yao. Ya tatu ni ya Kombe, naye Kombe alikuwa ndani yake, anapanga madumu.

Hapa ndipo penye ujinga wenyewe. Kombe alikuwa wa msikiti wa juu, kweli. Lakini mwezi wa Shaaban aligombana na wenzake kwa ajili ya kipaza sauti, walikielekeza kwenye dirisha la mama yake mgonjwa, wakakataa kukigeuza. Akahama na wanawe na kanzu zake akaja kwetu chini. Shimoni nzima ilijua. Kila mwenye kutia mguu msikitini, wa juu au wa chini, alijua kuwa mwaka huu Kombe anafuata mwezi wa kwetu na siku ile ana saumu na anafanya kazi. Fauzia hakujua, alikuwa Diani ugomvi ulipotokea, na aliporudi hakuna aliyekuwa akiuzungumzia tena. Na Swabir hakujua, kwa sababu dini yake iko moyoni.

Nikamsalimu Kombe, nikampa kikapu, akakiweka mbele yake. Nazi moja ilikuwa haikuingia vizuri, nikabaki nayo mkononi. Akafungua kamba, akawasha injini. Mimi nikageuka nirudi zangu, nikapitia upande wa pili wa gati, kwenye ngazi za zege, kulikokuwa na kivuli.

Kwenye ngazi nikaona viatu. Jozi mbili za raba za watu wa bara, nyeupe, za bei. Kando yake makubadhi ya Swabir. Na kando ya makubadhi, vimepangwa kwa adabu, viatu vipya vyenye shanga, na buibui jipya limekunjwa juu yake.

Nikatazama maji. Mapovu yalikuwa yanapanda baina ya nguzo, pale pale mashua ya Kombe inaporudi kinyumenyume. Bendera hakuna. Mtu wa kutazama hakuna. Siku si ya kazi, si ndivyo? Aliapa siku ya kazi, na kwa hesabu yake leo ni Idd, gati limelala, na bendera ya nini kwa watu waliolala.

Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. "Kombe! Zima! Zima, kuna watu!" Injini ile inanguruma kama kinu cha kusaga mahindi, Kombe kanipa mgongo, anaangalia nyuma asigonge nguzo, hasikii lolote. Nikavua kiatu nikamrushia, kikaangukia majini. Nikavua cha pili, kikafuata. Nikabaki na nazi. Nikairusha kwa mikono miwili, bismillahi, ikampata Kombe begani. Akageuka na tusi mdomoni, saumu na yote, akaniona ninavyojipiga kifua na kuonyesha maji. Akazima.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Mashua ikawa inateleza yenyewe, na chini yake maji yamevurugika, hayaonyeshi kitu.

Kikatoka kichwa cha kwanza, karibu na ngazi, na si cha mwanangu. Alikuwa mwanamume wa kutoka Nairobi, baadaye niliambiwa anaitwa Ndulu, anakohoa na kutapatapa. Kikatoka cha pili, mchumba wake Purity, simu yake ameining'iniza shingoni kwenye mfuko wa plastiki. "Aki hii ni nini? Kapteni ulisema hakuna boti! Ulisema ni holiday!" Na katikati yao, akimsukuma Purity wa watu kwa kiwiko ili aifikie ngazi, akatoka Kapteni Swabi.

Alipanda ngazi yeye kwanza. Nasema tena, kwa wale wanaoniuliza amenikosea nini. Wageni wako majini, mkewe haonekani, yeye alipanda ngazi kwanza, kwa mikono na magoti, mapezi ya mpira yanapiga zege pwata pwata. Akainua uso akaniona nimesimama juu yake miguu mitupu. Akasema, "Shikamoo, Mama."

"Fauzia yuko wapi?"

"Alikuwa nyuma yangu."

"Nyuma yako wapi?"

Akageuka akatazama maji, kisha akanitazama mimi. Hakujua. Mzamiaji mwenye kadi hakujua mkewe yuko wapi. Nikamwambia, "Rudi chini." Akakamata nguzo ya ngazi kwa mikono yote miwili na hakurudi. Alitaka, niliona kuwa anataka, mguu mmoja ulishuka ngazi moja, lakini mikono haikuachia. Kombe ndiye aliyejitupa kutoka kwenye mashua na nguo zake, saumu yake ikaenda na maji ya chumvi.

Nikabaki nikitazama mapovu. Yalikuwa yanatoka sehemu mbili tatu na sijui ni ya mtu au ya injini, sijui ya uhai au ya kifo. Nilisoma nilichokumbuka na nilichosahau nikakiruka. Nilimwambia Mungu achukue meza, nyumba, macho yangu, lolote, aniachie huyu mmoja.

Akatokea upande wa mbali, kwenye nguzo ya mwisho. Alikuwa ameikumbatia. Kombe akamfikia, akamshika kiunoni, wakaja polepole mpaka ngazini. Mkono wake wa kulia, kuanzia bega hadi kiwiko, ulikuwa umechanwa na chaza za kwenye nguzo, damu inamwagika. Baadaye Purity ndiye aliyesimulia, akilia. Injini ilipowaka juu yao, Swabir aliondoka mbio. Ndulu akamfuata. Purity akachanganyikiwa akawa anapanda juu moja kwa moja kuelekea kwenye panga la injini, Fauzia akamvuta mguu, akamrudisha chini, akamsukuma upande wa ngazi. Katika kutapatapa Purity alimpiga teke la uso, kidude cha kupumulia kikamtoka mdomoni. Akaikumbatia nguzo, na chaza zake zote, mpaka alipokipata tena.

Nikamvika buibui lake juu ya maji na damu. Kisha nikamgeukia mkwe wangu, nikampa vidonge vyake. Sitavirudia hapa, nilikuwa na saumu na bado naviombea msamaha. Nilimwambia nitampeleka kwa kadhi, nitampeleka kwa babaye, nitaichoma kadi yake mbele ya lango. Nikamwambia mwanangu, "Twende nyumbani. Huyu si mume, ni hasara. Leo hii atakuacha, kwa kupenda au kwa kutopenda."

Swabir alikuwa amekaa chini, miwani haipo, sijawahi kumwona mnyonge kiasi kile. Hakujitetea. Hilo lilinishangaza, maana mdomo ndio mali yake pekee. Alisema, "Niliogopa, Fauzia. Nilisikia injini nikaogopa nikasahau."

"Ulisahau nini?" Fauzia akamuuliza.

"Nilikusahau wewe."

Watu walikuwa wameanza kukusanyika, wa Idd na wa saumu, wakasikia wote. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, amejimaliza mwenyewe. Nikamshika mwanangu mkono mzima nimwondoe. Hakuondoka. Alimtazama mumewe bila hasira, kama anavyomtazama samaki asiyemjua.

"Basi wewe si mtu wa chini," akamwambia. "Nimejua leo. Wewe utabaki juu, na mimi nitashuka."

"Utashuka wapi?" nikamuuliza mimi.

"Chini ya gati, Mama."

Nilidhani ni mshtuko. Nilidhani akilala ataamka na akili yake. Tulikula Idd yangu kesho yake, mkono wake umefungwa bandeji. Wazee wa gati wakaitana, wakasema uzamiaji basi. Fauzia akaenda akawaamkia mmoja mmoja, akakaa chini, akawaambia kosa halikuwa kushuka, kosa lilikuwa juu hakuna mtu. Purity na Ndulu nao, kabla hawajarudi kwao, walikuwa wamepita kuwaeleza nani aliwaokoa. Wazee wakashauriana. Wakakubali, kwa sharti kwamba awepo mtu gatini asiye na kazi nyingine yoyote, asiyeuza, asiyepakia, asiyeswali wakati huo, asiyezungumza na mtu, kazi yake kutazama maji tu. Wakaulizana nani huyo. Kila mtu ana shughuli zake. Wote wakamgeukia Swabir. Kwa mara ya kwanza duniani uvivu wake ukawa na kazi.

Nilimsema mwanangu mpaka sauti ikanikauka. Nililia. Nikamwambia, mimi nilitaka huyu mwanamume atoke majini, sikutaka wewe ndiye ubaki. Akanibusu mkono akasema, "Najua, Mama." Na Ijumaa ya kwanza baada ya mkono kupona akavaa mtungi.

Nilifunga meza nikaenda. Swabir alikuwa amesimama gatini juu ya nguzo za ndani, bendera amefunga juu, miwani hana, anasema miwani inazuia kuona vizuri ndani ya maji. Sikumwamkia na hakuthubutu kuniamkia. Fauzia na wageni wake walikuwa wameshashuka. Mara ikaja mashua ngeni, ya watu wa Vanga, imechelewa sala na ina haraka ya kushusha. Ikaelekea kwenye nguzo.

Swabir akakimbia mpaka ukingoni, mikono juu, anapiga kelele wazime. Mabaharia wakamtambua. Habari za Shimoni hufika Vanga kabla ya mashua. "Tupishe, mwoga wewe!" mmoja akampigia kelele. "Mke yuko chini, mume yuko juu!" Wakacheka mashua nzima, na waliokuwa gatini wakacheka pia. Mimi mwenyewe ningecheka siku nyingine.

"Ni kweli," Swabir akawajibu. "Mke wangu yuko chini. Zima injini."

Wakamtukana tena, na tusi la pili lilikuwa la mamaye. Akashuka ngazi mpaka maji yakamfika kifuani, akasimama baina yao na nguzo, anatetemeka mwili mzima, naye ni mwoga yule yule, sisemi amebadilika. Wakazima. Wakakaa wakielea na kumzomea, naye hakutoka mpaka mashua yao ilipopelekwa na maji mbali. Kisha akapanda, nguo zimeloa, akarudi mahali pake.

Nikaenda nikakaa karibu naye. Si kwa kupenda. Niliyatazama yale maji na, kama siku ile, sikuweza kuyasoma, kila povu kwangu lilikuwa sawa na jingine, na katika gati zima hapakuwa na mtu mwingine aliyejua mwanangu yuko chini ya nguzo ipi.

"Yapo?" nikamuuliza.

"Yapo, Mama. Yale pale, ya polepole, ndiyo yake." Akanigeukia, macho yamejaa machozi, anataka kuniambia jambo.

"Usinitazame mimi," nikamwambia. "Tazama maji."